Kilio cha Bibi wa Yonkers



Huenda sauti ya Mary J. Blige umekwisha kuisikia bila ya kumjua mwenyewe. Yatoka chumbani kwa kijana wako, au ndani ya gari ya abiria, nawe wasikia mwanamke analia kwa Kiingereza na ngoma yapiga chini yake bila ya kupumzika. Wajiuliza: huyu ana nini? Na hawa vijana, ambao hawajafiwa wala hawajaachwa, wampendea nini?

Suali hili la pili ndilo tutakalolishughulikia hapa, na jawabu yake haipatikani kwa kusema tu kuwa vijana wamepotea wanafuata mambo ya Wazungu. Kwanza, bibi huyu si Mzungu. Pili, hata watu wazima, wake kwa waume, wenye akili zao timamu, wamekaa na albamu yake iitwayo My Life zaidi ya miaka 30 na hawajaiacha. Kitu kikidumu hivyo yafaa kitazamwe kwa makini. Khitilafu za wanavyuoni juu ya muziki wenyewe zina mahali pake, na mahali pake sipo hapa.

Mary alizaliwa mwaka 1971 katika Bronx, upande wa kaskazini wa jiji la New York. Sehemu ya utoto wake aliishi Savannah, katika jimbo la Georgia, kisha akakulia Yonkers, mji uliopakana na Bronx, katika majumba ya serikali ya watu wenye kipato kidogo yaitwayo Schlobohm. Baba yake, aliyekuwa mpigaji muziki, aliondoka nyumbani binti akiwa bado mdogo. Binti akaimba kanisani, kama walivyoanza waimbaji wengi weusi wa Marekani kabla yake. Alipokuwa kijana aliingia katika kibanda cha kurikodia sauti ndani ya jumba moja la maduka, akaimba wimbo wa Anita Baker kwa kujifurahisha tu. Kanda ile ikapita mikono hata ikamfikia Andre Harrell, mwenye kampuni ya Uptown. Mwaka 1992 ikatoka albamu yake ya kwanza, What's the 411?, ikauzwa kwa mamilioni, na msichana wa miaka 21 akavishwa taji akaitwa malkia wa hip-hop soul.

Jina hilo usilipite upesi, kwani ndani yake imo siri ya kwanza ya jambo tunalolitafuta.

Soul ni neno lenye maana ya roho, nao ni muziki uliotokana na Wamarekani weusi waliochukua uimbaji wa kanisani wakautia maneno ya mapenzi na ya dunia. Ama hip-hop ilizaliwa Bronx katika miaka ya 1970. Vijana walichukua sahani mbili za santuri zilizo sawa, wakawa wanakirudia kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake, kikimalizika huku chaanza kule, na mwenzao akighani maneno juu yake. Baadaye zikapatikana mashine za kukata kipande cha wimbo wa zamani na kukizungusha muda wautakao. Hip-hop soul ni mtu kuchukua sauti ile ya kanisani na kuiweka juu ya ngoma hii inayozunguka.

Sasa tazama tafauti iliyopo. Katika soul ya zamani wapigaji ala humfuata mwimbaji. Akishusha pumzi, nao hushusha, akipanda, humpandia, akinyamaza, humngoja. Wako kama jamaa waliomzunguka mfiwa, huyu amemshika mkono, yule ampepea. Katika My Life jamaa hawapo. Ngoma imekwisha tegwa, nayo yazunguka vile vile, bibi alie asilie. Akichelewa humpita. Akipaza sauti haishtuki. Na wewe uliyepata kufikwa na jambo kubwa walijua hili, hata kama Kiingereza hukijui: asubuhi yake soko lafunguliwa, mwenye maji apita na mkokoteni wake, watoto wataka chai. Dunia haikungoji umalize. Naona hapo ndipo moyo unaposhikwa kwanza, kabla ya neno lolote kufahamika, na ndiyo sababu wimbo huu humfika hata mtu aliye mbali sana na Yonkers.

Albamu yenyewe ilitoka tarehe 29 Novemba 1994. Msimamizi wake mkuu alikuwa Sean Combs, na nyimbo nyingi zilitengenezwa na Chucky Thompson, kijana wa Washington aliyejua kupiga ala nyingi kwa mkono wake, aliyefariki mwaka 2021. Katika albamu ya kwanza Mary alikuwa akiimba zaidi maneno aliyopewa na wengine. Katika hii alishiriki kutunga karibu nyimbo zote.

Na vile vipande vya zamani vinavyozungushwa chini yake havikuokotwa ovyo. Wimbo wenye jina la albamu, My Life, umejengwa juu ya Everybody Loves the Sunshine wa Roy Ayers, wa mwaka 1976, wimbo wa watu kustarehe katika jua la kiangazi, ala zake laini mpaka zalegeza mwili. Be Happy umechukua mlio wa Curtis Mayfield wa mwaka 1979, na I'm the Only Woman umechukua wimbo wake mwengine wa mwaka 1972. I Love You umekaa juu ya kinanda cha Isaac Hayes. Mary Jane umechota katika wimbo uliochezwa sana mwaka 1983. Ukizitazama tarehe hizo utaona kuwa karibu zote ni nyimbo za utoto wake, zile zilizopigwa nyumbani watu wazima walipokuwa wakifurahi. Katika filamu iliyotolewa mwaka 2021 juu ya albamu hii, Mary mwenyewe alieleza kwamba ule wimbo wa Roy Ayers alipousikia utotoni ulimsahaulisha kwa muda ni wapi walipokuwa wakiishi.

Basi ifahamu sura ya kitu hiki. Chini ni jua la utoto, lililotulia, lisilojua litakalokuja. Juu yake ni mwanamke wa miaka 23 ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, wakati ule alikuwa amezama katika ulevi na madawa ya kulevya, yumo katika mapenzi yanayomuumiza, na huzuni imemfikisha mahali pa kuuchoka uhai. Mpigaji mwengine angaliweka chini yake ala za kulia, violini na kadhalika, ili nasi tulie. Thompson aliweka ala za kufurahi. Ni sawa na mtu anayetokwa na machozi huku ameshika picha ya arusi: ile picha haikupigwa kwa ajili ya kuliza mtu, na kwa hivyo ndiyo iliyozayo zaidi.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo sipatani na wengi walioandika juu ya albamu hii.

Husifiwa kuwa ndani yake bibi ametoa kila kitu chake nje, amejieleza bila ya kuficha. Msifu mmoja humpokea mwengine kwa maneno hayo hayo. Nami nakuomba, kama una mtoto ajuaye Kiingereza, mwambie akuandikie maneno ya nyimbo hizo, ziko 17 ukihisabu na vipande vifupi vya kuunganishia, kisha umtafute mle ndani yule mwanamume. Jina hana. Kazi hana. Hujui kama ni mrefu au mfupi, wala walikutana wapi. Siku ya ugomvi haikutajwa, wala neno lililouanza, wala nyumba, wala shahidi. Mambo mazito ambayo Mary alikuja kuyaeleza miaka mingi baadaye, kudhulumiwa alipokuwa mtoto mdogo, na mapenzi yaliyokuwa na mkono wa kupiga, hayamo. Wimbo wa My Life wenyewe wamwalika msikilizaji ayatazame maisha ya muimbaji aone alichokiona, na alipokwisha kumwita mpaka mlangoni, hamwonyeshi kitu! Wamgeukia msikilizaji na kuanza kumpa yeye nasaha: ende pole pole, siku baada ya siku.

Bibi huyu, basi, hakutoa siri. Alichokitoa ni hali. Ameeleza jinsi moyo unavyokuwa, na lililoufanya uwe hivyo amelifunika. Na kwa kuwa amelifunika, kila msikilizaji ana nafasi ya kuingia na lake. Aliyeachwa huingia na talaka yake, aliyefiwa na maiti wake, msichana wa shule na huzuni asiyoijua hata yeye mwenyewe imetoka wapi. Lau angalisema fulani bin fulani alinifanyia kadha wa kadha siku ya Jumanne, tungalimhurumia, tukamlaani huyo fulani, tukaondoka. Khabari ya mtu ina mwisho. Hali haina mwisho, na mtu huijua ya mwenzake kwa kuwa imempata.

Hili sisi wa pwani lafaa lituguse kwa sababu tunalo neno sitara, na ni neno tukufu. Tumelelewa kuwa la ndani halitolewi nje. Lakini neno hili limetumiwa vibaya katika majumba yetu mara nyingi. Mwanamke amevimba macho, ulizwapo hali asema salama, na sisi twaridhika na ile salama kwa kuwa yatupunguzia kazi. Ndugu yake hamuulizi mara ya pili. Mama yake amwambia avumilie, hata mama mwenyewe alivumilia. Na yeye akidhani kuwa njia ni mbili tu, ama kunyamaza mpaka ang'atwe na ugonjwa, ama kumtangaza mwenziwe mtaani. My Life yaonyesha njia ya tatu: mtu kusema nimeumia, kwa sauti isiyoweza kukosewa, bila ya kumvua mtu nguo. Sijui kama Mary aliikusudia au ilimjia tu kwa kuwa alikuwa bado amlinda yule mtu. Vyovyote iwavyo, njia imeonekana.

Nao waliyoisikia waliifahamu. Albamu ilifika nafasi ya 7 kwenye orodha ya Billboard, na katika muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo ilikwisha kuhakikishwa kuuza nakala milioni 3 katika Marekani pekee. Katika ile filamu ya mwaka 2021 wamo wanawake waliomwambia uso kwa uso kuwa sauti hii iliwashika wasijidhuru. Na yeye amesema kuwa alidhani yuko peke yake, hata wasikilizaji wake walipomjibu ndipo alipojua kuwa hayuko peke yake. Mambo haya mawili yalikuwa na uzito wa maisha, si ya kupitisha wakati.

Ama sauti yenyewe. Mwaka ule 1992 ilipotoka albamu yake ya kwanza, ulimwengu mzima ulikuwa ukimsikiliza Whitney Houston katika I Will Always Love You, sauti isiyo na waa, inayopanda kama ngazi ya marumaru. Mary hana ngazi hiyo. Juu sauti yake hukonda, mara nyengine hushuka chini ya mahadhi yanavyotaka, na katikati ya neno hukwaruza. Walimu wa kuimba waliyatia makosa hayo alama nyekundu, na kwa hisabu ya ualimu hawakukosea. Lakini sikiliza wanawake wawili wakikupa khabari ya msiba. Mmoja amekwisha kuoga, amejitanda kanga yake vizuri, asema kila neno mahali pake, nawe wamstaajabia. Mwengine ndiyo kwanza amefungua mlango. Mary ni huyo wa pili, na hakuna mwimbaji mwenye ufundi zaidi aliyeweza kumuiga.

Ni ajabu basi kwamba wimbo unaosifiwa kuliko yote, I'm Goin' Down, mimi nauona ndio ulio mbali zaidi na kiini cha albamu. Si wake. Ulitungwa na Norman Whitfield kwa ajili ya filamu ya Car Wash ya mwaka 1976, ukaimbwa na kundi la Rose Royce. Mary aliurudia karibu kama ulivyokuwa, na hapa wale jamaa wanarudi: tarumbeta zinampandia, ngoma inamngoja. Aimba kwa nguvu zote, na uzuri wake haukataliki. Lakini ni huzuni iliyoshonwa na fundi mwengine, imemkaa vizuri mwilini na huku waona kuwa vipimo si vyake. Ukitoka hapo ukarudi katika My Life, ambapo hapazi sauti hata kidogo, ndipo utakapojua ni upi unaouma.

Yako pia mambo ya kulaumiwa, na sitaki kuyafunika kwa sababu nimeipenda sahani. Kile kipande kifupi cha kughani cha Keith Murray chaingia bila ya hodi, hakihusiani na jambo lililoko, ni kama mtu apitaye matangani anapiga honi. Na kuanzia nusu ya pili nyimbo za kubembeleza usiondoke, nataka kuwa nawe, nakupenda, zafuatana mpaka sikio lachoka. Ingalitosha nusu yake.

Kubwa zaidi ni wimbo kama I Never Wanna Live Without You. Jina lake latosha kuonyesha linalokusudiwa: kuishi bila ya huyu sitaki. Kama ni sura ya moyo wa mwanamke aliye ndani ya shida hiyo, ni sura ya kweli, na kweli haina ila. Lakini msichana wa miaka 14 haichukui kama sura. Aichukua kama somo, na somo hilo ni kuwa kadiri unavyoumizwa na usiondoke ndivyo mapenzi yako yalivyo makubwa. Albamu haimwambii vingine, kwa kuwa aliyeimba alikuwa bado yumo ndani na mlango hajauona. Mzazi atakayeizima redio hapo hatakuwa amemsaidia mtoto. Yuko mzazi mwengine ambaye humuuliza mwanawe, huyu bibi waonaje, angekuwa dada yako ungemwambia nini? Khabari atakayoipata hapo huenda ikamshangaza.

Liko na jambo la sisi wasikilizaji. Mwaka 2001 Mary alitoa No More Drama, wimbo uliojengwa juu ya mlio wa mchezo wa televisheni wa Marekani uendao kila siku bila ya kwisha, akatangaza kuwa ile misiba ameichoka. Mwaka 2003 akaolewa. Badala ya kumpongeza, walikuwako mashabiki waliolalamika kuwa nyimbo za furaha hazimwelei, wamtaka Mary wao wa mwaka 1994. Ndoa ilipovunjika, na mwaka 2017 akatoa Strength of a Woman, wapo waliosema kwa kicheko kuwa sasa tutapata nyimbo nzuri. Ninayaandika haya na mwili wanisisimka. Mtu alikupa jeraha lake likutibu, nawe wamuomba asilifunge! Kampuni zilifanya biashara ya machozi yake, hilo twalitarajia kwa kampuni. Lakini mpenzi wa sauti akimtakia mwenye sauti mabaya ili starehe yake isikatike, hapo kupenda kumegeuka kitu kingine, na sina hakika kuwa sisi huku, tunaposhangilia na kumtuza muimbaji wetu pale anapokaribia kulia, tumesalimika nacho.

Ya heshima ameyapata. My Life ilishindania tuzo ya Grammy ya mwaka 1996 kwa albamu za R&B, ikapitwa na CrazySexyCool ya kundi la TLC. Mwaka 2024 Mary aliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa rock na roll. Ni mambo ya kutajwa, wala hayaongezi kitu katika sahani.

Limebaki moja ambalo ningependa ulisikilize mwenyewe. Be Happy ndio wimbo uliotangulizwa sokoni kabla ya albamu kutoka, na watu walikwisha kuuzoea katika redio. Ndani yake bibi asema kuwa anachokitaka ni furaha tu, na ajiuliza kama mtu asiyejipenda anaweza kuujua wakati wa kuondoka. Katika albamu wimbo huu umewekwa wa mwisho kabisa, wa 17. Aliyenunua sahani kwa ajili yake hakuupata mpaka apite katika maombolezo yote yale. Na akifika akitaraji kuwa sasa atasikia furaha imepatikana, amkuta Mary bado aiomba, kwa sauti ya chini, na ngoma ya Curtis Mayfield yazunguka.